Waliniita Rivasi

Kosa langu la kwanza kwenye gemu la ngumi lilikuwa kuamini kwamba anayejua kupigana ni yule asiyeguswa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, nikaliandika kwenye daftari, nikalipigia mstari kwa rula, na kwa karibu mwaka mzima niliishi nalo kama jibu la hesabu ambalo mwalimu ameshaliwekea vema.

Kosa hilo lilinirudia juzi nikiwa sokoni. Mama mmoja alikuwa anatwanga pilipili kavu, na hatua chache kutoka kwake fundi pikipiki alikuwa amemwaga oili chafu chini. Harufu hizo mbili zilipokutana puani nilipiga chafya mara tatu, halafu nikabaki nimesimama nacheka peke yangu, mfuko wa nyanya mkononi, mpaka yule mama akaniuliza, "Kaka, unanunua au umekumbuka kwenu?" Nikamwambia vyote viwili.

Kwetu ni Mikumi, upande wa mashambani, ambako mahindi yakianza kukomaa watu hawalali usingizi wa maana kwa sababu ya tembo. Mambo ya tembo baba alinifundisha kabla sijaanza shule. Alinisimamisha uwanjani, akachukua nyungo mbili za mama, akazishika kila upande wa kichwa, akawa tembo. "Akitandaza masikio hivi, usikimbie," alisema kutoka katikati ya zile nyungo. "Usimpe kisogo. Rudi kinyumenyume, taratibu, macho kwake, mpaka aone huna maana." Halafu akaanza kunijia, akipuliza kwa pua, nami nikarudi kinyumenyume hatua kwa hatua hadi mgongo ukagonga ukuta wa jiko. Mama alicheka hadi akakaa chini. "Nirudishie nyungo zangu, tembo mwenyewe mwembamba hivyo!" Tulirudia zoezi hilo siku nyingi, na sikuwahi kulikosea. Hilo la kutokosea lilikuwa muhimu sana kwangu. Nilikuwa mtoto ambaye akikosea herufi moja anachana ukurasa mzima na kuanza upya, na nikifika shule daftari langu lilikuwa jembamba kuliko la mtu yeyote darasani.

Jambo la pili nililojifunza kwa baba hakunifundisha kwa zoezi. Misimu ya mavuno alikuwa anarudi jioni akinuka pilipili na oili chafu. Nilikuwa nikimwona kwenye kona ya njia natoka mbio kumpokea, naye kabla sijafika ananyoosha viganja vyote viwili mbele yake. "Ishia hapo hapo! Usinisogelee!" Naishia. Yeye anapita mbali, anazunguka nyuma ya nyumba, anaoga kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote niliyemfahamu. Akitoka anakaa kwenye kigoda chake karibu na moto, nami nakaa kwenye kizingiti cha jiko, hatua zangu saba kutoka pale alipo. Nilizihesabu. Nilidhani ile ndiyo harufu yake, kwa kuwa kila mtu ana harufu yake, na nilidhani mtoto mwema ni yule anayejua mahali pa kuishia bila kuambiwa mara mbili. Naomba niseme ukweli: sikuumia. Nilijivuna. Nilifika mahali ambapo hakuhitaji tena kunyoosha viganja, kwa sababu nilikuwa naishia mwenyewe.

Njia ya kwenda shule ilikatiza kwenye mapito ya tembo, na mwaka mmoja walipozidi, wazazi wakaona ni heri nikakae Kilosa kwa mama mdogo, ndugu yake mama. Nyumba yake ilikuwa jirani na stesheni, na treni ikipita vikombe vilikuwa vinagongana kabatini. Kilosa ile ilikuwa na vitu ambavyo sikuwahi kuviona. Mitumba ilikuwa ikitandazwa chini kila Jumamosi, redio zilipigiana kelele duka kwa duka, na ndani ya lililokuwa duka la ushirika kulikuwa na kibanda cha gemu.

Mwenye kibanda tulimwita Kaka Shomari. Alikuwa mfanyakazi wa shamba la mkonge, na shamba lilipopata mwenye mali mpya yeye akapewa kiinua mgongo, akaenda nacho Dar, akarudi na televisheni mbili na mashine ya gemu zimefungwa ndani ya godoro. Rafu za ushirika zilikuwa bado ukutani, tupu, na juu yake bado yalisomeka maandishi ya chokaa, SABUNI HAKUNA. Mama mdogo kila akipita pale alitikisa kichwa. "Hapa nilipanga foleni ya sukari nikiwa na mimba ya miezi minane," alikuwa akisema. "Leo mnapanga foleni ya kupigana."

Gemu lilikuwa la watu wawili kupigana mbele ya jengo lenye nguzo tano. Maandishi yake hatukuyajua, kwa hiyo wapiganaji tuliwapa majina wenyewe. Kulikuwa na Gunia, jitu la miraba minne ambalo likikufikia linakukamata, linakuinua juu na kukubwaga chini, na kila ukibwagwa, ule mstari wa kijani juu ya skrini tuliouita damu unapungua kwa robo. Kulikuwa na Mama Ukanda, mwanamke mwembamba anayepiga kwa mkanda mrefu. Sheria ya kibanda ilikuwa moja tu: aliyeshinda anabaki na pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, aliyeshindwa anampisha mwingine.

Nilisimama nyuma ya benchi wiki tatu bila kucheza. Wenzangu walidhani sina hela. Ukweli ni kwamba niliogopa kukosea mbele ya watu, kwa hiyo nilitaka nijue kila kitu kwanza. Nilikuwa narudi nyumbani nachora zile nguzo tano kwenye daftari la sayansi, napima umbali kwa nguzo hizo. Teke la kawaida linafika nguzo moja. Mkanda wa Mama Ukanda unafika nguzo mbili. Mikono ya Gunia inafika nusu nguzo tu, lakini kukamatwa hakuna kinga. Ngumi unaweza kuizuia, teke unaweza kulizuia, mkono wa kukamata hauzuiliki. Nikaandika kwa herufi kubwa: NUSU NGUZO NI KIFO. Ukurasa huo niliuchana mara nne mpaka herufi zikakaa sawa.

Siku niliyokaa kwenye benchi kwa mara ya kwanza nilimchagua Mama Ukanda, wakanicheka kwa kuchagua mwanamke. Nikaanza kufanya nilichokijua tangu uwanjani kwetu, kurudi kinyumenyume macho kwa adui. Hapo nikagundua kitu ambacho hakikuwemo kwenye daftari: katika gemu lile, mtu anayerudi nyuma anajikinga mwenyewe. Anainua mikono, na kila anachopigwa hakipenyi. Ningeweza kurudi nyuma nimelindwa, nikafika kwenye ukuta, nikaruka juu ya kichwa cha adui, nikaanza kurudi nyuma upande wa pili. Katikati nampiga mkanda mmoja kutoka nguzo ya pili. Kisha nangoja muda uishe. Muda ukiisha, mwenye damu nyingi ndiye mshindi.

Niliwashinda watano siku hiyo. Mmoja alidai nimefundishwa na mtu wa Dar. Kwa muda wa wiki moja nilikuwa mtu mkubwa, halafu wakaanza kunichoka, wakanipa jina la gia ya kurudi nyuma.

"Huyo Rivasi huyo!" walikuwa wakipiga kelele nikikaa. "Washa taa za nyuma!"

"Dereva, angalia ukuta!"

"Kondakta, mwambie dereva kuna watu tunashuka!"

Na kweli walikuwa wanashuka. Nikishika pedi, benchi linabaki na nusu ya watu, wengine wanakwenda kucheza mpira nje. Kaka Shomari naye alilalamika. "Dogo, mechi yako moja wenzako wanamaliza tatu. Nitakuletea na chakula humu?" Nilicheka ili nisionekane nimeumia. Rohoni nilijiambia wana wivu, kwa sababu mstari wangu wa kijani ulikuwa mrefu na yao imekatika.

Mtu pekee aliyebaki kwenye benchi kila nilipocheza alikuwa Mwajuma. Alikuwa mtoto wa jirani yetu, darasa moja mbele yangu, na ndiye aliyekuwa akimtumia Gunia kuliko wote. Alicheza akitafuna bigijii, na alikuwa na njia moja tu: kwenda mbele. Akipigwa anakwenda mbele. Akiangushwa anaamka, anakwenda mbele. Nilimshinda siku zote na hakuwahi kunikamata, lakini kila mara alinikata damu kidogo kwa ngumi, na kile kipande kilichokatika kilininyima raha hadi kesho yake.

"Unajua shida yako?" aliniambia siku moja. "Unacheza kama mtu aliyevaa nguo ya sikukuu."

Kisha mama mdogo akapata habari kwamba baba anakuja Jumamosi. Wakulima wenzake wa Mikumi walikuwa wamemtuma kununua kamba za katani, ambazo Kilosa zilipatikana kwa urahisi. Nilikuwa sijamwona baba mihula miwili. Sikulala vizuri tangu Jumatano, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua zawadi ya kumpa. Nilitaka aje kibandani, aone mwanawe akicheza mechi nzima bila kuguswa hata mara moja, damu imejaa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aone kwamba kila alichonifundisha nimekishika. Sikuwa na njia nyingine ya kumwambia mzazi wangu kwamba nampenda. Hiyo ndiyo niliyoijua.

Tatizo lilikuwa Mwajuma. Jumamosi asubuhi alikuwa anateka maji bombani, nikamfuata.

"Baba anakuja leo. Nakuomba, mechi moja tu, uniache nishinde bila kunigusa."

"Nikuache?" Alicheka, akaitua ndoo. "Mimi hata bibi yangu simwachii."

"Nitakununulia bigijii."

"Ngapi?"

"Tano."

Akafikiria, ameinamisha kichwa upande. "Nipe kumi nikupige polepole."

Sikupata mkataba wowote. Baba alifika mchana, vumbi hadi kwenye nyusi, amebeba marobota mawili ya kamba mpya zinazonukia mkonge. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," nikiwa nimesimama mahali pangu, zile hatua saba. Akaitikia marahaba, akanitazama kwa muda, akaonekana kama anataka kusema kitu. Kisha akauliza choo kiko wapi. Alipokwisha kula nilimwomba aje aone nilichojifunza Kilosa. Mama mdogo akaguna. Baba akaja.

Kibanda kilijaa siku hiyo, na wote walimwamkia. Kaka Shomari alimpangusia benchi la nyuma. Mimi na Mwajuma tukakaa mbele. Niliifuta mikono yangu kwenye kaptura mara mbili. Mechi ikaanza, Gunia akaja mbele, Mama Ukanda akaanza kurudi. Sijawahi kucheza vizuri kama siku ile, kabla wala baadaye. Niliziona zile nguzo kama nimezijenga mimi. Nilimpiga mkanda mmoja, nikamruka, nikarudi, nikampiga wa pili. Akirusha mikono ya kukamata anakuta hewa. Muda ukaisha. Mstari wangu ulikuwa umejaa kama ulivyoanza.

Nikageuka. Hakuna aliyepiga makofi. Baba alikuwa ameinama mbele, macho kwenye skrini, bado anangoja.

"Wanaanza saa ngapi?" akauliza.

"Imekwisha, baba. Nimeshinda. Hakunigusa hata mara moja."

"Imekwisha? Mbona hamjapigana?"

Kibanda kizima kililipuka. Mtu alianguka kutoka kwenye benchi. Mwajuma alicheka hadi bigijii ikamtoka mdomoni. Baba mwenyewe alianza kutabasamu, kisha akaniona uso wangu, akaacha.

"Nani kakufundisha kurudi nyuma hivyo?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema nirudi kinyumenyume, nisisogee karibu."

"Hiyo ni kwa tembo, mwanangu. Huyu binti ni tembo?"

"Haya sasa," alisema Mwajuma.

Ningeishia hapo ingekuwa vizuri, lakini nilikuwa nimeshaanza kulia, na mimi nikianza kulia nasema kila kitu. "Na wewe ulisema nisikusogelee. Kila siku ulisema. Nami sikusogea."

Kicheko kikazimika. Baba akawa ananitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe na hakumbuki ni wapi. Halafu akaviangalia viganja vyake.

"Pilipili," alisema.

Sikuelewa. Akanieleza pale pale, mbele ya watoto wote wa kibanda, kwa sauti ya kawaida. Zile kamba za katani zilikuwa za uzio. Wanatwanga pilipili, wanaichanganya na oili chafu, wanaipaka kwenye kamba kwa mikono na kuzungushia shamba, kwa sababu tembo hawezi kuivumilia harufu yake. Mtu akitoka kwenye kazi hiyo amejaa pilipili kuanzia nywele hadi kucha. Nilipokuwa najifunza kutembea nilimrukia hivyo hivyo akitoka shamba, nikajifuta macho kwa shati lake, nikalia tangu jioni hadi kulipokucha, mama akinisafisha kwa maziwa. "Nikaapa haitatokea tena," alisema. "Ndiyo maana nakuzuia. Halafu naoga, natoka, nakuta umekaa kule mlangoni. Nikadhani ndivyo ulivyo. Nikasema mwanangu huyu hapendi kushikwashikwa, amefanana na babu yake."

Sisi wawili, kila mmoja kwa heshima zake zote, tulikuwa tumekaa mbali miaka mingi tukimpa mwenzake nafasi.

Baba alinyanyuka, akaja mbele, akamwambia Mwajuma, "Nipishe kidogo, mama." Akakaa. Bega lake likagusa langu, na hakuliondoa. "Kinawashwa wapi hiki?"

Akamchukua Gunia. Hakujua kitufe hata kimoja, kwa hiyo alivibonyeza vyote, kwa vidole vyote, huku ameinuka nusu kutoka kwenye benchi kama anayeendesha trekta kwenye matope. Gunia alikuja mbele akirusha mateke hewani. Nami nikarudi nyuma kwa mazoea, nikafika ukutani, na kabla sijaruka kiwiko cha baba kikanigonga mbavu, pedi ikacheza mkononi, Gunia akanikamata.

Akaniinua. Akanibwaga. Robo ya damu ikaenda.

"Ehee!" baba alipiga kelele. "Nimefanyaje pale?"

"Umembeba, mzee! Mbebe tena!"

"Rivasi kagonga ukuta!"

Wakapiga mabenchi, vumbi la ushirika likashuka kutoka kwenye rafu. Nilikuwa nimengojea kwa mwaka mzima kuona itakuwaje siku nitakayobebwa mbele ya watu, na ilikuwa hivi: nilicheka hadi sikuweza kuona skrini. Nikaacha kurudi. Nikampeleka Mama Ukanda mbele, ndani kabisa ya nusu nguzo, nikampiga Gunia ngumi ambazo sikuwahi kuzitumia, naye akanibeba tena, na baba akapiga kelele tena kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Nilipoteza. Walioondoka kwenda mpira walirudi kuchungulia dirishani. Kaka Shomari alimpa baba mechi ya bure, baba akanipiga tena, na ya tatu nikashinda mimi, nikiwa na damu iliyobaki kama unene wa kidole.

Jioni, kabla hajapanda lori la kurudi Mikumi, baba alinibeba mgongoni kutoka kibandani hadi stesheni, malori yalikosimama, marobota ya kamba tumeyaacha yabebwe na mkokoteni. Nilikuwa mkubwa mno kubebwa. Miguu yangu ilikuwa inakaribia kuburuza chini, na Mwajuma alitufuata nyuma akiimba jina langu la Rivasi. Sikuona haya hata kidogo.

Baada ya hapo Mwajuma alinifundisha kucheza karibu. Alisema mtu aliye karibu nawe naye yuko karibu kupigwa, jambo ambalo kwa mwaka mzima halikuwa limeniingia akilini. Nilikuwa mbovu mwanzoni. Nilipoteza wiki mbili mfululizo, na wasiwasi haukuniisha kwa siku moja kama watu wanavyopenda kusimulia. Bado nilikuwa naamka nikijuta kipigo cha jana. Lakini benchi lilikuwa limejaa.

Miaka imepita tangu wakati ule. Bado nina gemu nyumbani, na bado mkono wangu unaanza kwa kurudi nyuma kabla sijaukumbusha. Kilichobadilika ni kwamba sasa nasogea. Napoteza karibu nusu ya mechi ninazocheza, na nikishapoteza naomba nyingine.